Mstari wa Pili

Kwako dada yangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipokaa, na nadhani napajua: kiti cha plastiki kando ya dirisha la jikoni, miwani imekushuka puani, na shemeji yuko kushoto kwako, sikio la kulia amekugeuzia. Mimi mzima. Kikohozi cha mwezi uliopita kimeniacha, ila mgongo bado unanisumbua kwa kusimama kaunta kutwa nzima. Natumaini goti lako limetulia, mpwa wangu anaendelea vizuri na masomo, na shemeji anapata usingizi tangu wambadilishie ile dawa ya kupaka usoni.

Najua utashangaa kupata barua. Mara ya mwisho nilipokuandikia kwa kalamu nilikuwa bwenini, nikikuomba sabuni na kukudanganya kwamba nimekuwa wa tatu darasani. Utauliza kwa nini sikupiga simu kama watu wote. Sababu ipo, nitaifikia. Kwa sasa nakuomba jambo moja, na usinibishie, maana mimi ndiye kitinda mimba na nimezoea kudekezwa: msomee shemeji barua hii kwa sauti, kama unavyomsomea kila karatasi inayoingia humo ndani, toka hapa mpaka kwenye sahihi yangu. Soma kila mstari. Ukichoka, kunywa maji, halafu endelea. Usiruke kitu, maana shemeji siku hizi ana masikio makali, akisikia umemeza neno hatakupa raha. Na lile sanduku lililokuja na barua hii, msilifungue kwanza.

Habari za dukani ni zilezile. Tajiri ananuna kila asubuhi mpaka apate chai. Gasketi, zile pete za kuziba maungio, nimezitundika kwenye misumari kwa ukubwa, kuanzia za jiko la mafuta mpaka za boila, na bolti nimezipanga kwenye makopo ya maziwa ya unga. Wateja wanakuja na kipande kilichovunjika ndani ya mfuko wa nailoni, wanasema wanataka kama hiki. Juzi alikuja mmoja na nusu ya nati, akasema anatafuta nusu ya pili. Nikamwambia, kwa uso mkavu kabisa, kwamba nusu za pili huingia Jumatano. Dada, Jumatano yule mtu alirudi, tena amevaa shati lililopigwa pasi. Tulicheka mpaka tajiri akasahau kununa. Wewe tangu utotoni ulikuwa ukinitetea kwa mama kwamba ni utani tu, kwamba huyu mtoto hana ubaya, ana mdomo tu. Nataka ulikumbuke hilo unaposoma.

Kuna jambo sijawahi kuwaeleza vizuri, nalo ni kile ninachofanya kwenye simu kila nikipata upenyo. Mnadhani natazama mpira. Hapana. Kuna jukwaa la mafundi mtandaoni, watu wanauliza na kujibizana kuhusu mashine: majokofu, pampu, boila, jenereta, kila kinachozunguka au kuchemka. Niliingia humo miaka tisa iliyopita, na kwa miaka sita sasa mimi ndiye mwangalizi wake. Naweza kufunga mada isiendelee, naweza kufuta, naweza kumfungia mtu asiandike tena. Humo nina jina langu jingine, nitawaambia baadaye. Nina nyota tano. Nimeweka picha ya mkono wa mzee umeshika spana, niliitoa kwenye kalenda ya mafuta ya mashine, na watu wote humo wanaamini mimi ni mhandisi mstaafu. Sijawahi kuwasahihisha. Ukweli ni kwamba sijawahi kushika bomba la moto maishani mwangu. Vyuma vyote ninavyovijua nimeviona vikiwa baridi, ndani ya maboksi.

Jukwaa lina kanuni moja kubwa, niliiandika mimi mwenyewe: tafuta kwanza. Yaani kabla hujauliza, andika tatizo lako kwenye kisanduku cha kutafutia, soma majibu matatu na si moja, angalia ni nani kayaandika na lini, linganisha na mashine iliyo mbele yako. Ukishafanya hivyo na bado umekwama, njoo uulize, useme umetafuta nini na umekuta nini, nasi tutakujibu kwa heshima. Kanuni nzuri kabisa, na mpaka leo naiona nzuri. Bila hiyo tungezama. Kuna mtu aliwahi kutuuliza taa inatolewaje kwenye kishikio chake. Kuna mwingine aliandika neno moja tu, “Pampu”, akangoja.

Lakini nisiwafiche, kilichonipendeza si kanuni, ni kuwaadhibu waliokosea. Asubuhi nikifika dukani, kabla hata sijafungua makufuli yote, nilikuwa nimeshamtafuta mgeni wa kumtolea uvivu. Niliwaambia wakauze karanga. Niliwauliza kama mama zao wanajua wako humu. Watu walikuwa wakisubiri majibu yangu kama wanavyosubiri vichekesho vya redio, wanacheka, wananipa alama, na mimi nilivimba kichwa hadi kofia ikanibana. Kuna mwanafunzi wa ufundi nilimwandama wiki nzima mpaka akaandika kwamba anaacha kozi. Nilimtakia safari njema. Ilinipa raha, dada. Nilikwenda kula chakula cha mchana nikiwa na raha hiyo mdomoni.

Kuna mmoja tu aliyekuwa hanichekei. Tulimwita Mama Boila, kwa sababu ametunza boila za kuchemshia maji ya kufulia nguo za hospitali moja miaka zaidi ya ishirini. Nilipoingia uangalizi nilikuwa nimeandika jibu moja refu kuhusu mapipa ya mvuke ambayo mifuniko yake inakataa kufunguka. Nilisema kama geji ya kupimia mvuke imeshuka sifuri basi mvuke umekwisha, kinachoshika ni gasketi iliyovimba. Legeza bolti zote, gonga mfuniko kwa nyundo ya mpira, utaachia. Jibu lilipendwa sana, likawa la kwanza kutokea kila mtu akitafuta jambo hilo. Mama Boila akaandika chini yake, kwa adabu, kwamba jibu hili litaua mtu. Alisema kijibomba cha geji kinaweza kuziba kwa uchafu, mshale ukalala sifuri na huku ndani kumejaa, kwa hiyo mtu asiguse bolti hata moja mpaka afungue vali ya kupumulia na pipa lipoe lenyewe. Aliomba nilirekebishe.

Nilijua yuko sahihi. Nililijua hilo palepale, nikiwa bado na kidole kwenye kioo cha simu. Lakini jibu lilikuwa na alama mia nne na tatu, na mwanamke wa kufua mashuka alikuwa akinisahihisha mbele ya watu. Nikamwandikia arudi kwenye sabuni zake. Watu wakacheka. Aliporudia mara ya pili, nikamfungia, na onyo lake nikalificha wengine wasilione.

Sasa nihamie kwenu. Ijumaa mnakwenda kiwandani. Naomba nirudie mambo mnayoyajua, na shemeji anisahihishe nikikosea. Miezi saba iliyopita, saa nne asubuhi, shemeji alikuwa zamu kwenye lile pipa kubwa linalochemshia makopo ya nyanya, lile ambalo wafanyakazi wote wanaliita Bibi kwa vile linanung'unika. Geji ilishuka sifuri na mfuniko ukagoma. Msimamizi alikuwa mlangoni anatazama saa yake. Shemeji akatoa simu, akatafuta, akauliza, akajibiwa, akalegeza bolti. Ya mwisho haikufika nusu, Bibi akatema. Uso wake ukaenda, macho yote mawili yakaenda, na yule mama wa kubandika lebo aliyekuwa akipita nyuma yake akaungua mkono mpaka kwenye kiwiko. Simu ilidumbukia ndani ikachemka pamoja na makopo.

Kamati ya usalama ilimhoji akiwa bado kitandani. Akawaambia kwamba hakukurupuka, aliuliza kwa mafundi mtandaoni, akajibiwa na mzee mmoja wa huko anayeitwa Profesa, tena kabla ya hapo alishamwambia msimamizi kwamba anasikia bado kunachemka ndani. Msimamizi alikana. Kamati ikasema tuonyeshe huo ukurasa. Wakatafuta wao, haupo. Wakaandika kwenye faili lake maneno mawili, uzembe na uongo. Yule mama wa lebo hajawasalimia tena, na mumewe alikuja akasimama kwenye geti lenu akamwambia shemeji, majirani wote wakisikia, kwamba afadhali angepofuka peke yake.

Wewe, dada, ulinipigia siku ya nne. Ulisema mimi ndiye mjuzi wa mambo ya mtandao katika ukoo wetu, nikuhurumie, nitafute huo ukurasa mpaka niupate. Nikakuahidi. Na kila Jumapili kwa miezi saba umenipigia kuniuliza, nami nimekujibu kwamba nimetafuta tena, nimetafuta kwa maneno mengine, nimetafuta mpaka macho yananiuma, sijaona kitu. Nilikuambia hivyo, yananiuma macho, na simu ilikuwa kwenye spika, na shemeji akanipa pole.

Mwezi wa tatu baada ya ajali alinitumia spana zake. Sanduku zima, zile alizozinunua moja moja tangu akiwa kibarua, kila moja ina alama aliyoipiga kwa patasi. Alisema kwake hazina kazi tena, na mtu anayemhangaikia kiasi hiki ndiye anayestahili kuwa nazo. Niliziweka kaunta mahali pa kuonekana. Wateja waliniuliza kama mimi ni fundi, nikawa nawaambia ndiyo.

Kuna na hili, nalo lisome. Mwezi uliopita ulitoka nje, ukaenda kusimama karibu na kamba ya nguo ili asisikie, ukaninong'oneza kwenye simu kwamba umeanza kumtilia shaka. Ulisema huenda hakumuuliza mtu yeyote, huenda ameutunga ukurasa huo kwa aibu, na umechoka kulala na mtu usiyejua kama anakudanganya. Ukaniuliza naonaje. Nikakuambia mvuke mkali unaweza kuvuruga kumbukumbu za mtu, kwamba nimesoma hivyo mahali. Sikusoma popote. Nililitunga palepale nikiwa nimeegemea rafu ya mikanda ya feni. Ukanishukuru. Wiki iliyofuata ukamshauri akubali kusaini ile karatasi ya Ijumaa, akiri uzembe, ili faili lifungwe na mwachiwe nyumba ya kiwanda mpaka mtoto amalize shule. Jumapili iliyopita shemeji mwenyewe akachukua simu akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba labda kweli hakuuliza. Alisema amejaribu kuukumbuka ule ukurasa na sasa hauoni tena. Nikamwambia asijitese, asaini tu, apumzike.

Jumamosi, kabla ya Jumapili hiyo, simu ya duka ililia. Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, asiye na haraka. Aliniuliza kama mimi ndiye ninayeuza gasketi, nikasema ndiyo, akasema yeye ni Mama Boila. Aliniambia amenipata kwa picha moja niliyoiweka jukwaani zamani, gasketi juu ya kaunta, na nyuma yake kibao cha duka kinaonekana robo tatu. Ametafuta kibao hicho kwa miezi saba, duka kwa duka, picha kwa picha. Alifanya sawasawa na kanuni yangu.

Aliniambia kwamba asubuhi ile alikuwa amekaa anasubiri mashuka yakauke, akaona swali la mgeni mmoja limeingia jukwaani. Alijua jibu lake. Lakini nilikuwa nimemfungia, anaweza kusoma, hawezi kuandika. Akajaribu kujiandikisha upya kwa jina jingine, na mfumo ukamwambia asubiri kuidhinishwa na mwangalizi. Mwangalizi ni mimi, na maombi huyapitia mchana. Akabaki na simu mkononi, anaona kila kitu. Akapiga picha kioo chake, swali lote na jibu lake, akitumaini siku moja atampata yule mgeni amuulize kama yu hai. Mwezi huu akasikia habari za kesi yenu kutoka kwa mtu aliyewahi kufanya kazi hapo kiwandani. Akaniambia Ijumaa atakuja kwenye kamati na picha zake, lakini ananipa nafasi ya kuwaambia kwanza mimi. Nikamuuliza kwa nini ananipa nafasi. Alisema si kwa ajili yangu. Alisema yule mgeni alimwomba Profesa amjibu mwenyewe, na mpaka leo hajajibiwa.

Profesa ni mimi.

Nadhani hapa shemeji amekushika mkono ili usimame. Usisimame. Nilikuomba usome mpaka mwisho, na yaliyobaki si mengi.

Sikujua ni yeye. Jina lake humo lilikuwa Mgeni na tarakimu nne, kama wageni wote. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, si kwa sababu linanisaidia. Kwenye simu yangu swali jipya huonekana kichwa chake tu. Ukitaka maelezo ya chini yake lazima uliguse. Kichwa kilisema geji iko sifuri lakini mfuniko wa pipa la mvuke haufunguki, nifanyeje. Nikaona, huyu ni mvivu mwingine, jibu lipo, tena langu, na hakulitafuta. Sikuligusa. Nilijibu palepale, haikupita dakika nne, na maneno yangu ninayo kama nilivyoyaandika: “Mgeni, kidole kilichoandika swali hili kingeweza kuandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Jibu lipo, nililiandika mimi, lina alama nyingi kuliko mvi za babu yako. Lisome, ulifuate kama lilivyo. Ukishindwa na hilo, kauze karanga.” Kisha nikaifunga mada ili asinijibu. Watu sitini na tatu walicheka. Nikamhudumia mteja wa bolti za inchi moja, nikampunja moja kwa kusahau, kwa furaha niliyokuwa nayo.

Saa nane mchana ukanipigia kutoka hospitali unalia. Sikuunganisha mambo mpaka uliposema Bibi, ukasema na geji ilikuwa sifuri. Nikakuambia nakuja, nikakata simu, nikafungua jukwaa, nikaligusa lile swali kwa mara ya kwanza. Lilikuwa na mstari wa pili. Umsomee mwenyewe, ajue kwamba hakuuota: “Nimeshatafuta, mzee wangu Profesa, nimekuta jibu lako la zamani linalosema nilegeze bolti nigonge. Lakini nikiweka sikio nasikia bado kunachemka ndani, na nimemwambia msimamizi, anasema nisipoteze muda. Je, geji inaweza kudanganya? Naomba unijibu wewe mwenyewe, nakusubiri.”

Alitafuta, dada. Alisoma, akalinganisha na mashine iliyo mbele yake, akaona kuna kitu hakikai sawa, akaja kuuliza akiwa amesema alichokikuta. Katika miaka yangu yote humo sijaona aliyeifuata kanuni ile vizuri kuliko yeye. Nilisoma mara mbili. Tajiri alikuwa akiniita nimletee mkanda wa feni. Nilifuta swali, nikafuta jibu langu la zamani na onyo la Mama Boila chini yake, halafu ndipo nikaenda kuleta mkanda. Jioni nilikuja hospitali na matunda, nikakushika mabega, ukanililia kifuani.

Lakini kinachofutwa jukwaani hakipotei. Kinakwenda kwenye pipa la taka ambalo mwangalizi peke yake analiona. Kwa hiyo kila Jumapili uliponiuliza kama nimeupata, ulikuwepo, mguso mmoja tu. Mara nyingine nilikuwa nimeufungua huku naongea nawe, naitazama saa iliyoandikwa juu yake, saa nne na dakika kumi na mbili.

Nisijifanye malaika kwamba dhamiri ndiyo iliyonisukuma. Bila simu ya Jumamosi barua hii isingeandikwa, na shemeji angesaini, na ningekuja kuwapongeza kwa kuhifadhi nyumba. Hata baada ya simu hiyo, siku iliyofuata nilimwambia asaini, kama alivyosikia mwenyewe, kwa kutumaini kwamba akisaini mapema Mama Boila ataona hakuna haja. Mjue mtu mliyemlea.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu ninaijua. Ningetuma ujumbe, na kabla hujausoma ningeshaufuta, nimezoea mno. Hii nikishamkabidhi mbeba mizigo, kidole changu hakiifikii tena. Na nimetaka uisome kwa sauti bila kukuonya kwa sababu ningesema soma peke yako, ungeikunja, ungeingia chumbani, ungeanza kufikiria jinsi ya kunitetea kwa mume wako kama ulivyokuwa ukinitetea kwa mama. Ungeruka mistari. Sasa ameshasikia yote, pamoja na yale ya kwenye kamba ya nguo, kwa mdomo wako, na huna cha kumfichia. Ni ukatili, najua. Sikupata njia nyingine ambayo nisingeiharibu.

Fungueni sanduku. Spana zote zimo, nimezifuta vumbi, azihesabu kwa vidole. Chini kabisa, chini ya ile kubwa ya mpini uliopinda, kuna bahasha yenye kurasa mbili nilizochapisha: wa kwanza una swali lake lote na jibu langu, wa pili una jibu la zamani na onyo la Mama Boila, na nimetia sahihi yangu na jina langu halisi kila ukurasa. Asisaini kitu chochote Ijumaa kabla kamati haijausoma mstari wa pili mbele ya msimamizi. Ndio huo ukurasa ulionituma kuutafuta, dada. Nimeupata.

Na sasa shemeji, hili ni lako, namjibu yule mgeni aliyeniuliza saa nne na dakika kumi na mbili akasema ananisubiri. Ndiyo. Geji inaweza kudanganya. Ulisikia vizuri, kulikuwa bado kunachemka ndani. Usiguse bolti hata moja. Fungua vali ya kupumulia, kaa mbali, acha lipoe hata kama itachukua kutwa nzima, na yeyote anayekuharakisha mwambie aje alifungue yeye.

Nisalimieni mpwa wangu. Mwambieni mjomba yu mzima, mengine mtaamua wenyewe amjue vipi. Msalimieni na yule mama wa lebo, kama atakubali kusikia salamu zangu, na mumpe barua hii aisome akipenda. Goti lako liendelee kulikanda kwa maji ya vuguvugu. Sitakuja Ijumaa na sitapiga Jumapili.

Mimi mdogo wako wa mwisho,

Profesa.